Bwana Tunashughulikia

Kila siku nilipotoka shule, kabla hata sijavua viatu, nilikuwa na kazi moja: kuangalia kama seva iko hai au imekufa. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Kazi hiyo nilipewa na Shangazi kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nina macho makali na mdomo mkali zaidi. Basi nafungua kompyuta yake kongwe, naandika anwani ya maktaba yetu, nasubiri. Siku njema ukurasa ulifunguka. Siku nyingine, na hizo ndizo zilikuwa nyingi, ulikuja ukurasa mweupe mtupu.

Shangazi, dada yake baba, tunaishi naye nyumba moja. Chumba chake cha uani alikigeuza studio. Alisimamisha magodoro ukutani ili kelele za nje zisiingie, akaweka meza moja, kipaza sauti kimoja, na kiti kisicholia ukikikalia. Humo yeye na jirani yetu, mtangazaji mstaafu wa redio, walisoma vitabu vya shule kwa sauti na kuvirekodi kwa ajili ya wanafunzi wasioona. Kaka yangu ni mmoja wao. Alikuwa shule ya bweni, darasa la mwisho, na darasa lao lilikuwa na vitabu vinne tu vya nukta nundu, vile vinavyosomwa kwa vidole. Wanafunzi thelathini, vitabu vinne! Kwa hiyo walisoma kwa masikio, kupitia kompyuta ya shule yao.

Sauti hizo zilikaa kwenye seva. Seva ni kompyuta isiyopaswa kulala, inayokaa mahali pamoja ikiwaka mchana na usiku, ili mtu yeyote aliye mbali aweze kuchukua vitu vilivyomo. Sisi tulikodi ya kwetu kutoka kwa kampuni moja ya mjini iliyotuahidi "seva ya peke yenu, haizimiki, saa ishirini na nne, siku saba." Hebu niwaambie ukweli kuhusu watu wale. Kuwaita kampuni ni kuwapa heshima ya bure.

Seva ikizimika, Shangazi alipiga simu. Alipokea bwana mmoja mwenye sauti laini, ya mtu anayembembeleza mtoto anywe dawa.

"Pole sana, mama. Tunashughulikia."

"Mnashughulikia nini hasa?"

"Hilo tatizo lako, mama."

"Tatizo lenyewe ni lipi?"

"Ndilo hilo tunalolishughulikia."

Jamani! Unaweza kuzungumza na mtu wa namna hiyo mpaka mvi zikakuota. Tulimpa jina la Bwana Tunashughulikia. Kaka ana kipaji cha kuiga sauti, na alipopiga simu nyumbani jioni alianza nayo. "Pole sana, mama," anasema, laini kabisa, nasi tunacheka mpaka mbavu zinauma. Tuliwadharau watu wale kwa moyo mmoja, na mimi ndiye niliyewadharau kuliko wote.

Tena nilikuwa na ushahidi. Shangazi alinipa daftari. Upande wa kushoto niliandika kila saa seva ilipozimika na ilipowaka, kwa kuwa kompyuta yetu iliziweka saa hizo yenyewe. Baada ya mwezi nilikaa nikazitazama. Saa nne asubuhi. Saa kumi alasiri. Saa nne. Saa kumi. Kila siku ya kazi! Jumamosi na Jumapili haikuzimika kwa saa hizo hata mara moja. Nilimwonyesha Shangazi, akakunja uso.

"Kuna kitu wanafanya saa nne na saa kumi," alisema. "Sijui nini, lakini wanakifanya kwa bidii."

Upande wa kulia wa daftari ulikuwa wa Jumamosi. Shangazi hakuwaamini watu wale hata kidogo, kwa hiyo kila Jumamosi asubuhi mimi nilichomeka diski ndogo kwenye kompyuta na kunakili kutoka kwenye seva kila kilichorekodiwa wiki hiyo. Kinasa sauti chetu kilikuwa na nafasi ndogo, na kompyuta ilikuwa imejaa pomoni, hivyo sauti ikishapanda kwenye seva tuliifuta huku chini. Nakala ya diski ndiyo ilikuwa kinga yetu. Nikimaliza, naandika tarehe na maneno mawili: "Imenakiliwa. Sawa."

Kazi hiyo ilichukua karibu saa mbili, na ilibidi kukaa pale pale, maana mtandao ulikatika na ukikatika unaanza upya. Saa hizo hizo wenzangu walikuwa uwanjani wakicheza netiboli, na kelele zao nilizisikia dirishani. Jumamosi moja nilichomeka diski, nikakuta seva imezimika. Nikasonya. Nikasema watu hawa kweli ni takataka. Halafu nikaandika "Imenakiliwa. Sawa," nikiwa na nia kabisa ya kunakili kesho yake, nikakimbilia uwanjani.

Kesho yake nilisahau. Jumamosi iliyofuata seva ilikuwa inawaka vizuri tu, lakini hakuna aliyeniuliza kitu, na timu ilikuwa pungufu mtu mmoja. Nikaandika tena. Wiki ya tatu mkono wenyewe ulikuwa umeshazoea. Na usidhani sikuulizwa kamwe. Shangazi alikuwa akipita mlangoni akiuliza, "Za Jumamosi tayari?" nami nikajibu bila kugeuka, "Nashughulikia, Shangazi." Nilikuwa namtania. Naye alicheka, akaenda zake.

Zilipita Jumamosi sita. Katika wiki hizo sita mtangazaji mstaafu alimaliza kusoma kitabu cha Sayansi, kuanzia sura ya kumi na moja hadi ya ishirini na nane, kisha akasafiri kwenda kwa binti yake aliyejifungua. Alisema atarudi baada ya miezi miwili.

Jumatatu iliyofuata, siku kumi na moja kabla ya mtihani wa mwisho wa kina Kaka, seva ilizimika saa nne na haikuwaka tena. Jumanne haikuwaka. Jumatano jioni Kaka alipiga simu, na safari hii hakuiga sauti ya mtu.

"We Mdomo," aliniambia, maana hilo ndilo jina alilonipa, "hakuna somo linalofunguka. Hata moja. Darasa zima tumekaa kimya kama watu walioachwa na basi. Mwalimu anauliza lini."

"Wanasema wanashughulikia."

"Mwambie Shangazi mtihani wetu haushughulikiwi. Una tarehe."

Alhamisi Shangazi alinisubiri kwenye geti la shule, mkoba begani, kilemba kimefungwa kama cha mtu anayekwenda kuamua ugomvi. Tulifika kwenye ofisi ya kampuni saa tisa na nusu. Ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya duka la rangi. Mlangoni kulikuwa na kibao kikubwa kinachong'aa: "Hatulali Ili Wewe Ulale." Chini yake mlinzi alikuwa amelala.

Ndani kulikuwa na kochi, ua la plastiki, na bwana mwenye shati safi sana. Alipofungua kinywa tu nilimjua.

"Karibuni. Pole sana, mama. Suala lako tuna..."

"Usilimalize hilo neno," Shangazi alisema. "Nionyeshe seva yangu."

"Mama, chumba cha seva ni eneo nyeti. Kuna taratibu za usalama."

Shangazi alimtazama tu. Sijui kama mmewahi kutazamwa na shangazi yangu. Bwana yule alirekebisha kola yake, akatutangulia kwenye korido.

Eneo nyeti lilikuwa stoo. Nasema stoo, na ninaionea stoo. Kulikuwa na ufagio, viti vilivyovunjika, na kiyoyozi kinachodondosha maji kwenye ndoo. Juu ya meza ilikaa kompyuta nyeusi iliyojaa vumbi, na pembeni yake fundi mmoja wa kike amechuchumaa na bisibisi mkononi. Kwenye kompyuta hiyo walikuwa wamebandika vikaratasi vinne. Kimoja kiliandikwa "Maktaba ya Sauti", ndio sisi. Kingine "Hoteli". Kingine "Vipuri vya Magari". Cha nne kiliandikwa "Harusi, usiguse".

"Hii ndiyo seva ya peke yetu?" Shangazi aliuliza.

"Ya peke yenu kwa maana ya..." bwana alianza, akakohoa. "Kwa maana pana."

Wakati huo huo mhudumu mmoja aliingia amebeba birika la umeme, akatusalimia kwa adabu, akainama, akalichomeka kwenye soketi ya ukutani, ile ile iliyobeba waya wa seva. Pap! Taa zikazimika, kiyoyozi kikanyamaza. Niliangalia saa ya ukutani. Saa kumi kamili.

Loo! Chai! Miezi nimeandika daftari, wanafunzi thelathini wamekaa wakisubiri masomo yao, na hawa wanachemsha chai! Nilicheka kwa sauti, kicheko kibaya, cha kumfanya mtu ajisikie mdogo, na nilitaka ajisikie hivyo.

Fundi hakucheka. Aliinuka, akajifuta mikono. "Mama, nitakwambia ukweli. Mashine hii imezimwa ghafla mara mbili kila siku kwa miezi. Diski yake imekufa Jumatatu. Niliwaandikia tangu mwaka jana kwamba birika lihamishwe. Vilivyokuwemo havirudi."

"Na nakala?" Shangazi alimgeukia bwana. "Mkataba unasema mnaweka nakala kila siku."

"Tunaweka, mama! Kila siku, bila kukosa."

"Mnaziweka wapi?"

Bwana alimtazama fundi. Fundi alitazama dari. "Kwenye diski hiyo hiyo," alisema.

"Yaani mnaufungia ufunguo wa akiba ndani ya nyumba ile ile!" Shangazi alisema. Nilidhani atapiga kelele. Badala yake alivuta kiti kimojawapo, akakijaribu kama kitamhimili, akaketi, akatabasamu. Akafungua mkoba na kutoa daftari langu.

"Bahati nzuri mimi sikuwategemea," alisema. "Sikiliza, bwana. Mimi nina mtoto wa kaka yangu. Huyu hapa. Ana miaka kumi na mitatu." Akafungua upande wa kulia, akaanza kusoma kwa ile sauti yake ya studio, taratibu, kila neno mahali pake. "Jumamosi. Imenakiliwa. Sawa. Jumamosi. Imenakiliwa. Sawa. Jumamosi. Imenakiliwa. Sawa." Alisoma zote. "Mtoto huyu peke yake anafanya kazi kuliko ofisi yenu nzima, pamoja na mlinzi wenu. Leo jioni sauti zote zitapanda kwenye seva ya watu wenye akili, na nyie mtabaki na birika lenu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilifikiria kunyamaza mpaka nyumbani, halafu niseme diski imeharibika. Uongo huo ulikuja haraka sana, tayari umevaa na viatu, na hilo ndilo lililonitisha. Nilimtazama yule bwana na shati lake safi, nikajua yeye pia uongo humjia hivyo hivyo.

"Shangazi," nilisema. "Sikunakili."

"Lini?"

"Jumamosi sita za mwisho. Sura ya kumi na moja mpaka ya mwisho. Niliandika tu."

Shangazi alilifunga daftari polepole na kulishika magotini kwa mikono miwili.

Aliyesema ni yule bwana. Uso wake ulichangamka, akaniinamia kwa huruma kabisa, sauti ile ile laini. "Usijali, binti. Mambo haya hutokea. Hata sisi huwa tunaandika kwanza, halafu kazi inafuata. Ukikua utaona ofisi zote ndivyo zilivyo." Akamgeukia mhudumu. "Umeme ukirudi, mletee na huyu kikombe."

Nimewahi kuchapwa, nimewahi kufukuzwa darasani, na siku moja nilianguka jukwaani mbele ya wazazi wote. Hakuna hata moja lililoniuma kama ukarimu wa mtu yule. Alinikaribisha kama mwenzake. Dharau yote niliyokuwa nimemwekea ilinigeukia, nami nikatoka mbio mpaka chini, dukani kwa wauza rangi, nikalia kati ya makopo.

Shangazi alishuka baada ya muda. Alikuwa ameuvunja mkataba na kuchukua namba ya simu ya fundi. Hakunifokea. Tulitembea mpaka tukakaribia nyumbani ndipo akanipa simu yake.

"Mpigie kaka yako."

"Shangazi, naomba umwambie wewe."

"Mimi nimwambie nini? Mimi sijui lolote. Mimi nilikuwa nasoma daftari."

Nikampigia. Nilimweleza yote, na birika nikaliweka mwanzo ili lionekane kubwa. Kaka alisikiliza.

"Birika nimeelewa," alisema. "Sasa rudia hapo kwenye Jumamosi."

Nikarudia. Nikasikia wenzake wakimuuliza nyuma, "Anasemaje? Anasemaje?"

"Darasa zima lilikuwa linakungoja wewe," alisema mwishowe. "Hatukujua tu. Sasa usinililie, Mdomo. Lia ukimaliza. Kasome."

Nikasoma. Masomo ya zamani yalikuwemo kwenye diski, na Shangazi aliyapandisha usiku ule ule kwenye seva ya chuo cha ufundi ambako alifundisha mwalimu wa zamani wa yule fundi. Kabla ya kukubali alikwenda mwenyewe kuiona, akaukagua waya mpaka ukutani, akauliza chai inachemshwa wapi. Walimwonyesha jiko lililo jengo jingine. Zilibaki sura kumi na nane za Sayansi na siku saba za kuzisoma, maana wanafunzi nao walihitaji muda wa kusikiliza.

Asubuhi alisoma Shangazi, nikitoka shule nasoma mimi. Netiboli niliisikia kwa mbali, kisha sikuisikia tena, kwa sababu studio ina magodoro na mimi nilikuwa ndani. Ukikosea unarudia. Ukipiga chafya unarudia. Sura ya mmeng'enyo wa chakula niliirudia mara nne, na Kaka bado alipiga simu kulalamika. "Unasema 'utumbo mpana' kama mtu anayenadi ng'ombe," alisema. "Lakini tumeelewa." Siku ya tano sauti yangu ilikauka ikawa ya chura, Shangazi akanikatalia kuendelea, akasoma yeye mpaka naye akaanza kukwaruza. Tulimaliza sura kumi na saba. Sura ya sumaku hatukuifikia.

Kaka alirudi nyumbani Jumamosi, siku moja baada ya mtihani. Nilimpokea begi, na sikuthubutu kumuuliza. Alisema mwenyewe, wakati anavua viatu.

"Mtihani ulikuwa mzuri. Sayansi imeenda vizuri." Akavua kiatu cha pili. "Lilikuja swali moja la sumaku. Nimebahatisha. Wote tumebahatisha, thelathini."

Matokeo yalipotoka baadaye Kaka alifaulu, na wenzake wengi walifaulu. Lakini siku ile bado hatukuyajua, na lile neno "thelathini" lilinikaa kichwani. Nilikwenda studio nikamkuta Shangazi akifuta vumbi kwenye kipaza sauti. Nilimwambia ampe mtu mwingine kazi ya daftari.

"Nimpe nani?" aliuliza. "Mtu ambaye hajawahi kudanganya? Basi nitafutie, nitamwajiri leo." Akaacha kufuta, akanitazama. "Sikiliza, mwanangu. Wale watu sikuwachukia kwa sababu mashine yao ilizimika. Mashine huzimika, na mtoto hutaka kucheza, hakuna dhambi hapo. Ubaya wao ni kwamba walisema inafanya kazi, nikawaamini, nikaacha kutafuta njia nyingine. Na wewe ulinifanyia hivyo hivyo, tena wewe nilikuamini zaidi. Ungeniambia Jumamosi ile ya kwanza 'sijafanya', tungekaa wote wawili tukanakili kabla ya chakula cha mchana. Ni neno moja, na wala si refu kama lile lao."

Akanipa daftari. Akaniambia kuanzia siku hiyo nisiandike tena kwamba imenakiliwa. Nikimaliza, nifungue sauti moja kutoka kwenye diski, yoyote ile, niisikilize, na niandike maneno ya kwanza niliyoyasikia. Mtu hawezi kuyaandika bila kuyasikiliza.

Jumamosi mbili nilifanya hivyo. Jumamosi ya tatu mtandao ulikatika mara tano, mpaka saa sita mchana nilikuwa sina nakala hata moja, na wenzangu walikuwa wananiita dirishani. Nilishika kalamu muda mrefu kuliko inavyofaa. Kisha nikaandika "Sijafanya. Mtandao umekatika," nikampelekea Shangazi jikoni.

Alisoma, akanirudishia daftari, akaendelea kukata kitunguu.

"Haya," alisema. "Nenda kacheze. Tutafanya kesho, mimi na wewe."

Na kesho yake tukafanya.